Kongo imeshaingia Jumuiya, mbona bei ya dagaa diko ile ile?

Dada mmoja wa Kaskazini Unguja kaniandikia, nimefupisha kidogo: "Siye ni kikundi cha kinamama, tunachemsha na kuanika dagaa. Wanunuzi wetu wakubwa ni Wakongo, wanakuja hapahapa diko, boti zinaposhushia samaki. Tuliambiwa Kongo ikiingia Jumuiya ya Afrika Mashariki ushuru utaondoka na bei yetu itapanda. Imeshaingia, bei ile ile, na ikinyesha ndo inaporomoka kabisa. Tunauliza, tukibeba wenyewe mpaka Lubumbashi itatulipa? Na hizi barabara na mipaka inayojengwa mbona faida yake haishuki huku kwetu?"

Salaam alaykum dada yangu, poleni na moshi wa kuni.

Nianze na jibu lenyewe usije ukahangaika kulitafuta huko chini. Lubumbashi kule Kongo msende, si mwaka huu. Tunduma, mpakani kwetu na Zambia, mnaweza, tena mapema kuliko mnavodhani. Na kabla ya Tunduma kuna kazi hapohapo diko ambayo ntaizungumza kwa urefu maana ndo inayokuleni pesa, ingawa nyie mshaizoea mnaiona ya kawaida. Ushuru una sehemu yake kwenye bei yenu lakini ni ndogo, sehemu kubwa inakwenda kwenye kusubiri, na kila penye kusubiri kuna mtu anayeweza kukaa na mtu asiyeweza, na huyu asiyeweza ndo anayelipa. Huku mwanzo wa safari asiyeweza kusubiri ni nyie.

Kwanza hio habari ya Jumuiya, maana ilitangazwa kwa bashasha kubwa. Kongo ilitia saini mkataba wa kujiunga Aprili 2022, Julai mwaka huohuo ikawa mwanachama kamili. Sawa. Lakini kuwa mwanachama ni kitu chengine na kuanza kutoza ushuru kwa kitabu kimoja na wenzako ni kitu chengine, huwa yanapishana miaka. Rwanda na Burundi waliingia 2007, umoja wa forodha wakaanza kuutekeleza 2009, na hizo ni nchi ndogo. Kongo imepakana na nchi tisa, haiwezi kugeuza forodha yake yote kwa mkupuo mmoja. Na kabla ya hapo hatukuwa na mlango mmoja nao wa kupitishia biashara: wao wako COMESA, soko la pamoja la mashariki na kusini mwa Afrika, Tanzania ilijitoa humo mwaka 2000. SADC, jumuiya ya nchi za kusini mwa Afrika, tumo wote, ila Kongo kwa muda mrefu ilikaa nje ya lile eneo la biashara huru la SADC lililoanza 2008. Soko huru la Afrika nzima, hili AfCFTA ambalo biashara yake ilifunguliwa rasmi tarehe 1 Januari 2021, linashusha ushuru polepole, nchi zilizo nyuma zaidi kimaendeleo kama yetu na yao zimepewa mpaka miaka 10 kufikisha asilimia 90 ya bidhaa. Kwa hio mtu akikwambia sasa hivi Kongo ni bure, muombe akuoneshe karatasi ya forodha na utizame ya mwezi gani.

Sasa twende diko.

Unajua wewe kuliko mimi, lakini acha nilieleze kama linavoonekana kwenye hesabu ya mnunuzi. Dagaa wanavuliwa kwa taa, kwa hio siku za giza boti zinakwenda na siku za mbalamwezi zinalala. Maana yake mzigo unakuja kwa mafungu, siku kumi na kitu zimejaa halafu kimya. Alfajiri boti zinashuka, ndoo zinapanda bei kwa kugombaniwa na wachemshaji wenyewe kwa wenyewe (hapo nyie mnanunua ghali kwa sababu mnanunua wote saa moja ile ile), mnachemsha kwenye maji ya chumvi, mnaanika kwenye nyavu juu ya mchanga. Jua likiwepo kutwa, jioni mmevuna. Ikija masika, saa nane wingu linafunga, dagaa bado laini tumboni, turubali moja kwa watu wanane. Mnunuzi kasimama pembeni na simu yake, hana haraka hata kidogo, anajua mpaka kesho asubuhi wale dagaa watakuwa wekundu na wanaanza kunuka. Anataja bei yake. Nyie mnajibu nini? Hamna la kujibu. Bei ile haikupangwa Arusha wala Kinshasa, imepangwa na lile turubali.

Na hata kukiwa na jua, yule bwana akishanunua anatoa tena kwenye bei kitu cha mchanga na kitu cha unyevu, maana anajua gunia lililofungwa bado na maji ndani likifika Morogoro lina joto, likifika Mbeya lina ukungu. Kwa hio anakulipeni kama vile robo ya mzigo itaharibika, hata kama wenu nyie haukuharibika. Hilo ndo linaniuma zaidi kwenye biashara hii, kikundi kinachoanika vizuri kinalipwa bei ya jirani yake anayeanika vibaya kwa sababu magunia yote yanachanganywa na hakuna alama.

Tumfuate sasa huyo mnunuzi, maana na yeye anakamuliwa. Salfeti, yaani magunia, zinatoka kwenu mpaka bandari ya Malindi mjini Unguja au zinapandishwa chomboni Mkokotoni, zinavuka bahari mpaka Dar, zinashushwa, zinapangwa ghalani mpaka mzigo ujae gari. Kutoka Dar mizani ya Vigwaza, mizani nyengine nyengine, mpaka ya Mpemba, halafu Tunduma. Hapo ni kilomita 900 na ushei. Unavuka unakuwa Nakonde, Zambia. Unateremka na ile barabara ndefu mpaka Kapiri Mposhi, unakata kuelekea miji ya shaba, unafika Kasumbalesa, mpaka wa Zambia na Kongo, halafu Lubumbashi kama kilomita 90 mbele. Jumla yake inakaribia kilomita 2,000 na nchi tatu. Nchi ya katikati, Zambia, haina haja na dagaa hao wanaopita, inachotaka ni uhakika kwamba hawatashushwa njiani bila kulipiwa, ndo maana inadai bondi ya transiti, dhamana ya ushuru wa mzigo unaopita, na bondi nayo ina mwenyewe anayelipwa.

Pigeni hesabu ya mfano tu, namba hizi nimeziweka ili uone mwendo wake. Semi limebeba magunia 600. Dagaa ni wepesi, gari linajaa kabla halijafika uzito, kwa hio kodi ya gari zima inabebwa na magunia hayohayo tu, si kama saruji. Mwenye gari likikaa foleni anataka chake, tuseme dola 200 kwa siku. Siku sita za Tunduma na Kasumbalesa kwa pamoja ni dola 1,200, yaani kila gunia limeshabeba dola 2 za kukaa bure, kwa dola ya shilingi 2,500 hizo ni 5,000. Hapo hujagusa mafuta, hujagusa chakula cha dereva na utingo, hujagusa yale magunia yaliyoshika ukungu kwa kukaa, na hujagusa "chai". Chai nayo inatokana na foleni hiohio, dereva anayeweza kuvuka leo hatoi chochote, anayeambiwa urudi Jumatatu ndo anaingiza mkono mfukoni.

Sasa hio 5,000 ataitoa wapi? Kule Lubumbashi hawezi kupandisha anavotaka, maana mama wa sokoni kule ana chaguo, kuna samaki wa barafu wanaotoka Namibia, kuna dagaa wa Ziwa Tanganyika. Bei ya juu imeshafungwa. Kilichobaki ni kushusha ya chini, na ya chini ni yenu. Ndo maana nasema foleni ya Kasumbalesa mnailipa nyie mlioko Unguja ingawa hamjawahi kuiona.

Hapo ndo tunafika kwenye swali lako la pili, hivi vituo vya mipaka na barabara.

Kituo cha pamoja cha mpaka, kama kile cha Tunduma na Nakonde kilichozinduliwa Oktoba 2019 na marais wa nchi mbili, wazo lake ni jepesi: zamani gari linasimama upande wa Tanzania linakaguliwa, linavuka, linasimama tena upande wa Zambia linakaguliwa upya kama vile ule wa kwanza ulikuwa mchezo. Sasa maofisa wa nchi zote mbili wanakaa upande ule unaoingia, gari linasimama mara moja. Afrika cha kwanza cha namna hii kilikuwa Chirundu, Zambia na Zimbabwe, kilianza mwishoni mwa 2009. Watu wengi wakenda kutembelea wanatizama jengo, wanapiga picha ya jengo, lakini kazi kubwa kule ilikuwa ni sheria, maana ofisa wa Zambia hana mamlaka ya kumkamata mtu akiwa amekaa kwenye ardhi ya Zimbabwe mpaka mabunge yote mawili yampe. Jumuiya ya Afrika Mashariki na yenyewe ilitunga sheria yake ya vituo hivi, ya mwaka 2016. Tatizo ni kwamba Tanzania na Zambia haziko jumuiya moja kwenye hili, wanakwenda kwa makubaliano ya wawili, na ndani ya jengo moja bado kuna meza nyingi: forodha, uhamiaji, viwango, mifugo na uvuvi, mionzi, hata halmashauri, kila mmoja na mtandao wake wa kompyuta, na mmoja ukilala wote mnalala. Gari linasimama mara moja kweli, lakini limesimama mara moja kwa siku mbili.

Ukitaka kuona ujenzi uliobadilisha mambo tizama daraja la Kazungula kati ya Zambia na Botswana, lilifunguliwa Mei 2021, mita 923. Kabla yake ilikuwa ni pantoni, malori yanapanga foleni siku kwa siku kusubiri zamu ya kuvuka mto. Pale tatizo lilikuwa ni maji, ukijenga daraja tatizo limekwisha. Kasumbalesa hakuna mto. Zege utamwaga mpaka uchoke. Pale tatizo ni karatasi na siasa: Agosti 2024 Kongo ilizuia bia na soda za Zambia, watu wakaandamana upande wa Kongo, Zambia ikafunga mipaka yake na Kongo kwa muda. Malori ya shaba, ya mahindi, ya kila kitu yakasimama kwa ajili ya soda. Na siye tusijifanye watakatifu, Aprili 2025 Tanzania ilizuia mazao ya Malawi na Afrika Kusini kwa sababu wao walizuia yetu, baada ya siku chache wakakaa wakazungumza marufuku ikaondoka, lakini nani alimlipa mwenye ndizi zilizooza pale mpakani?

Kuna mpaka mmoja hujaniuliza, nao ni huu wa kwetu wenyewe, wa kutoka Unguja kwenda Dar. Kwenye ramani si mpaka, ni nchi moja. Lakini mwenye mzigo anajua, huku unalipia karatasi za uvuvi na za afya, ukishuka upande wa pili unaulizwa tena kana kwamba umetoka nje. Hili linasemwa kila mwaka kwenye vikao vya Muungano na mengine yametatuliwa kwa haki, ila mchuuzi mdogo bado anakutana na mkaguzi mmoja mmoja ambaye khabari haijamfikia, au imemfikia na hataki. Ndo maana watu wanakimbilia bandari bubu. Nawaelewa. Usiku mmoja mashua inavuka, asubuhi mzigo uko bara, hakuna aliyekusumbua.

Lakini sikiliza hasara yake maana haionekani siku ile. Mzigo uliopita bandari bubu hauna asili. Ukifika Dar hakuna karatasi inayosema hawa ni dagaa wa Zanzibar, kwa hio cheti cha asili cha kupatia nafuu ya ushuru huko mbele hukipati, au mnunuzi anatafuta karatasi za kubabaisha mjini na ghafla dagaa wako wamekuwa wa mahala pengine. Mbaya zaidi, mzigo huo hauhesabiwi. Mtu wa wizara akikaa kupanga wapi ajenge ghala na wapi aweke gati ndogo, anatizama takwimu za bandari, na takwimu zinamwambia diko lenu linatoa mzigo kidogo. Atawajengea vipi? Tunalalamika miundombinu haiji, na huku tunaficha sababu ya kuileta.

Mimi ningepewa pesa ya kuanza nayo kwa ajili ya biashara hii ya dagaa, nisingeanzia mpakani kabisa. Ningeanza na chanja za kuanikia zilizoinuliwa kutoka chini, na vikaushio vya jua vilivyofunikwa kwa nailoni kwa ajili ya masika, na ghala moja kavu lenye pallet karibu na pale mzigo unapopakiwa. Ni vitu vya bei ya chini ukilinganisha na kilomita moja ya lami. Vinakupa wewe wiki mbili za kusubiri, na wiki mbili kwenye biashara hii ni kitu kikubwa sana, zinakuvusha kutoka siku za giza bei imelala mpaka siku za mbalamwezi mzigo umeadimika. Kitu cha pili ningeomba cheti kimoja cha ubora wa samaki kinachotolewa Zanzibar kikubalike bara bila swali, na kikubalike mpakani. Hakihitaji hata tofali moja. Serikali inaimba uchumi wa buluu kila jukwaa, basi hapa ndo pa kuuonesha.

Hii miradi mikubwa siipuuzi. TAZARA ikifufuka itasaidia, ile reli ya kilomita 1,860 iliyokamilika miaka ya sabini kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi sasa ina mkataba na Wachina wa kuikarabati, dola bilioni 1.4, na dagaa ni mzigo unaofaa reli, mwepesi, mkavu, hauhitaji kufika kesho. Ila hio ni ya wajao, nyie mna kuni za kulipia leo.

Haya, mfanye nini.

Kwanza unyevu na mchanga. Anikeni juu ya chanja, hata za fito na wavu, msianike chini. Dagaa aliyekauka anavunjika kati kwa mlio, akipinda bado. Pimeni gunia kwa mizani yenu, uzito mmoja kila gunia, na muweke alama ya kikundi kwa rangi. Mnunuzi atacheka mara ya kwanza, mara ya tatu ataulizia magunia yenye alama. Ndoo za alfajiri nunueni kwa pamoja, mtu mmoja anazungumza na nahodha, msipandishiane.

Pili, kaeni rasmi. Kikundi kiwe na usajili wa ushirika, mwende Idara ya Uvuvi mulizie kibali cha kusafirisha na cheti cha afya ya samaki, na kwenye jumuiya ya wafanyabiashara, ZNCC, mulizie cheti cha asili, kile cha SADC hasa. Kwa nini SADC? Kwa sababu nataka muuze Zambia kabla ya Kongo. Tanzania na Zambia zote zimo kwenye eneo huru la SADC, dagaa waliovuliwa na kuchemshwa kwetu ni wa kwetu moja kwa moja, wakiwa na cheti hicho ushuru wa forodha Zambia haupaswi kuwepo. Ni mpaka mmoja badala ya miwili. Na Wazambia wanakula samaki wadogo wakavu toka zamani, wao wanaita kapenta. Onyo tu, kapenta ni wa maziwa, wenu ni wa bahari na mmechemsha kwa chumvi, wengine watakunja uso. Kwa hio msipeleke gari, pelekeni magunia machache ya kuonjesha, mengine yenye chumvi kidogo, muone yanayoondoka haraka ni yepi.

Tatu, mauzo yafanyike Tunduma, upande wetu. Dagaa wanashuka Tunduma, wanunuzi wa Nakonde wanavuka, na wa Kongo pia wapo pale, anayenunua ndo anayebeba shida ya kuvuka. Tafuteni lori linalokwenda na mzigo mwepesi mlipie nafasi, msikodi gari zima. Aende mmoja wenu na mzigo, awe na mwenyeji wa kufikia, na asiuze kwa mkopo hata kama mtu analia. Dola, akipewa, azitizame moja moja, noti iliyochanika ncha au yenye muhuri wafanyabiashara wa Kongo wenyewe hawaipokei, atawaachia nyie. Na hapa nyumbani kumbuka tangu 2025 kuna kanuni ya kutouziana kwa fedha za kigeni ndani ya nchi, Mkongo akija na dola diko mwambieni abadilishe kwanza benki au duka la fedha, akulipeni shilingi.

Kongo yenyewe kwa nini nawazuia? Lugha siyo tatizo, Lubumbashi Kiswahili kinapanda vizuri tu. Lakini karatasi zote ni Kifaransa, kuna fomu ya mzigo ya FERI inayotakiwa ikamilike kabla mzigo haujafika, kuna forodha yao DGDA, kuna ukaguzi wa OCC, kila mmoja ana malipo yake, na bila wakala wa kule anayekujua utazungushwa mpaka mzigo uoze. Na sheria yao biashara ndogo ya rejareja wameiwekea wenyeji, mgeni ukifungua meza sokoni umewapa sababu ya kukusumbua. Siwalaumu, bara nayo Julai 2025 ilipiga marufuku wageni kwenye aina 15 za biashara ndogondogo. Kwa hio Kongo mtakwenda siku mkiwa na mnunuzi wa jumla wa kule mliyemzoea Tunduma, ameshawalipeni mara kadhaa bila maneno, na anataka gari zima.

Mkikwamishwa njiani na kitu kisicho na maana, ofisa kadai karatasi isiyokuwepo kwenye sheria au kakutoza bila risiti, kuna mtandao wa pamoja wa Jumuiya ya Afrika Mashariki (EAC), COMESA na SADC wa kupokea malalamiko ya vikwazo vya biashara, tradebarriers.org, unaandika mahala, tarehe na ulichodaiwa, na nchi inayolalamikiwa inatakiwa kujibu. Haufanyi muujiza usiku mmoja, lakini lalamiko linabaki na namba yake, na mimi nimeona mambo yakinyooka kwa sababu ofisa wa juu aliona aibu kuulizwa na jirani. Pigeni picha risiti zote, hata za mizani.

Na akitokea mtu wa kukwambieni mpeleke Goma au Bukavu, mashariki ya Kongo, kwa sababu bei kule imeruka, mwambieni asante. Miji yote miwili iliingia mikononi mwa waasi wa M23 mwanzoni mwa 2025, bei imeruka kwa sababu hiohio ya kwamba mzigo haufiki. Mkitaka upande ule wa mashariki ulizieni njia ya Kigoma mpaka Kalemie kwa ziwa, dagaa wa maji baridi wapo tele pale kwa hio faida ni ndogo zaidi, ila wa bahari wana wenyewe wanaowapenda, na Kigoma mtauza bila kuvuka kama Tunduma.